Pole kwa Mlango Uliofungwa

Tangu bangili zianze kutupima afya, ni kosa kumpa pole mtu ambaye bangili yake ni ya kijani. Eti pole inalea wavivu. Yangu ni ya kijani, haijawahi kubadilika rangi tangu niingie chuoni, na vidole vyangu haviwezi kufunga vifungo vya blauzi.

Juzi mhadhiri alinitoa maabara kwa kuangusha chupa.

"Mkono wako unasema uko mzima, Zawena," alisema akiinyooshea kidole bangili. Mkono huohuo ndio ulioangusha chupa.

Mwenzangu wa chumbani, Tabu, hunifunga vifungo kila asubuhi. Ana huruma, ila bangili zinasikia, na akisikika akinipa pole atafukuzwa chuo. Basi huku ananifunga tunazungumzia mvua, na mimi natamani kumng'ata mtu.

Jumamosi mama alikuja na supu ya kongoro. Kijiko kikaniponyoka, supu ikamwagika kitandani. Kabla hajanitazama usoni, mama aliitazama bangili. Hasira zikanipanda mpaka machozi yakanitoka.

"Hata wewe, mama?"

Mama aliinuka akafunga dirisha, akafunga na mlango. Akavua kanga begani, akaizungushia bangili yangu na yake pamoja, tabaka juu ya tabaka, kisha akaniinamia sikioni.

"Pole, mwanangu," alinong'ona, macho yake yakiwa mlangoni.

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri muhula mzima. Lakini nilitaka aliseme kwa sauti.