Mkono Usio na Plasta

Fundi cherehani alitoka chumba cha kutolea damu akishusha mkono wa shati, na kwenye mkono wenyewe hapakuwa na plasta wala pamba. Mkuu wa ghala, aliyekuwa akingojea zamu yake kwenye benchi, alimtazama toka utosini hadi kwenye ndala, akacheka kwa puani.

Alilijua hilo tangu mwanzo. Mtu anashinda na sindano mchana kutwa, kumbe ikigeuzwa kumwelekea yeye, miguu inamlegea.

"Umeshatoa?" alimuuliza makusudi.

"Wamenikatalia," fundi akajibu, macho sakafuni.

"Wamekukatalia." Aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayenusa gunia lililopata unyevu.

Walikuwa wamepakana ukuta kwa ukuta miaka mingi. Mkuu wa ghala hakuwahi kumhesabu fundi kuwa mtu kamili: hana mke, hana mtoto, kutwa anakanyaga cherehani na kutemea vipande vya uzi kibarazani. Kazi yake ya maana, kama ipo, ilikuwa kushusha pindo la sketi ya shule ya binti wa jirani kila anaporefuka. Hata malipo alikuwa hachukui, na kwa mkuu wa ghala huo ulikuwa ushahidi mwingine wa upumbavu.

Sasa binti huyo, mtoto pekee wa mkuu wa ghala, alikuwa amelala ghorofa ya juu. Yalianza madoadoa mekundu miguuni, kisha damu ya pua ikagoma kukatika. Daktari alieleza kwamba ndani ya uboho wa mifupa mna chembe kubwa ajabu, ambazo huchomoza vidole kwenye mishipa ya damu, na vidole hivyo vikameguka vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Ni vidogo, bapa, havina kiini. Huelea tu na damu mpaka mshipa uchanike. Hapo hunata, huota mikono, hushikana na kuziba tundu. Uboho wa binti ulikuwa umelala, haumegi tena kitu. Dawa ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine. Kabla ya hapo ataishi kwa sahani za kuwekewa, nazo hazidumu ila siku chache.

Wazazi wote wawili walichukuliwa vipimo. Majibu yalipotoka, daktari alimwita mama mtu faragha, wakakaa huko muda mrefu. Mama alirudi macho yamevimba, akasema yeye haruhusiwi kutoa sahani, ila mumewe anaruhusiwa. Mumewe hakuuliza sababu. Mwanamke wa kuumwa kichwa kila kukicha, damu yake ingemfaa nani? Ya kwake ilikuwa damu ya mtu anayekula vizuri, asiyegusa sigara. Wamezunguka weee, mwisho wamerudi kwake.

Kwa hiyo alipomwona fundi bado amesimama pale, akaona amfundishe kidogo.

"Unajua chembe sahani ni nini? Ni makombo. Hazina kiini, hazina akili. Lakini pakichanika mahali, zinakimbilia papo hapo zikafie hapo. Wewe una akili zako zote, na sindano imekushinda."

Fundi alifunga kifungo cha mkono wa shati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Msaidie, kaka. Mimi watakaponiita, nitakuja."

"Watakuita kupiga pasi mashuka," mkuu wa ghala akasema, akaingia ndani bila kugeuka.

Muuguzi wa chumba hicho alikuwa mama wa makamo, hodari, asiye na maneno mengi. Alimlaza kwenye kiti, akamchoma mara moja tu, akawasha mashine. Damu ilipanda kwenye mrija, ikazungushwa, sahani zikachujwa, iliyobaki ikamrudia mwilini. Mfuko wa kimiminika cha manjano ukaanza kujaa. Mkuu wa ghala aliutazama kwa fahari, kana kwamba ameusaga mwenyewe.

Alizungumza yeye peke yake. Alimweleza muuguzi kwamba binti yule amemjua tangu yuko kwenye nepi, na kwamba asingekubali apotee hivihivi. Akarudia habari za fundi. Akasema watu wa aina ile wanajaza korido tu. Kutwa yuko mlangoni mwa wodi, anabeba chupa ya chai, anauliza ameamkaje, amekula nini. Ikifika kutoa kitu cha mwilini, anatafuta mlango.

Muuguzi alivumilia mpaka mashine ikapunguza mlio. Akavuta kigoda, akakaa.

"Yule usimseme vibaya, kaka. Hana woga hata kidogo. Alikuja asubuhi kabla yenu wote, akalala kwenye kiti hichohicho ulicholalia, mkono ameshaunyoosha. Daktari ndiye aliyepiga simu nimwinue."

"Damu yake chafu?"

"Damu yake ndiyo tunayoitunza. Mwili wa mgonjwa ukishapambana na sahani za mzazi wake, na uboho wa mzazi huyo utaukataa. Ndiyo maana mama mtu tumemzuia. Na baba ndiyo zaidi, maana uboho wake ndio tutakaompandikizia binti."

Mkuu wa ghala alitaka kuinuka. Muuguzi akamgandamiza bega kwa upole, akamkumbusha kwamba sindano bado imo.

"Tulia, unamalizia," akasema, akimtazama kwa heshima ya kweli. "Siku hizi jirani wa kujitolea kama wewe kumpata ni kazi."