Mtumishi wa Nyani

Ugonjwa ulipoingia msituni, kila mmoja aliamriwa abaki kwake. Kigong'ota, fundi wa kuwatobolea ndege wenzake matundu, akakosa kazi, na makinda wake wakashinda njaa. Akaenda kwa Nguchiro, mgawaji wa chakula cha msaada.

"Tajiri wako nani?" Nguchiro akauliza. "Chakula hiki ni cha watumishi wenye tajiri tu."

"Sina, mzee. Najitegemea."

"Basi endelea kujitegemea."

Nyani, aliyesikia hayo, akamwonea huruma. "Mwambie wewe ni mtumishi wangu, ndugu yangu."

Kigong'ota akasema hivyo, akapewa chakula, na makinda wake wakashiba.

Ugonjwa ukaisha. Kasuku akamwita Kigong'ota amtobolee tundu, akamlipa mbegu. Nyani akazichukua zote.

"Jasho la mtumishi ni la tajiri wake," alisema, na Nguchiro akamuunga mkono.

Jioni kinda mdogo akauliza, "Baba, ule ugonjwa utarudi lini? Tulikuwa tunashiba."