Mpangaji Aangukaye Chali

Zamani, kichekesho cha Mpangaji Sugu kilipoonyeshwa kwenye televisheni, mji mzima ulicheka hadi kuku wakasahau kutaga. Aliyeigiza Mpangaji alikuwa Mzee Kitwana, na kila wiki alianguka kifudifudi na sinia la chai. Sasa kipindi kimetengenezwa upya, na Mpangaji ni mwanamke.

"Mwanamke! Si matusi hayo?" Bi Chausiku aliwaka. Sebule yake ilijaa majirani walionuna kabla hata picha haijatokea. Walimkabidhi rimoti Mzee Kitwana, aliyeketi katikati yao. Akichukizwa, azime, na mtaa mzima ukisuse kipindi. Dole gumba lake likakaa juu ya kitufe chekundu.

Kwenye televisheni, binti aliyeigiza Mpangaji akaingia na sinia, akajikwaa. Lakini alianguka chali! Sinia likatua kifuani, vikombe wima, bila tone kumwagika.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Macho yote yalikuwa kwa mzee.

"Zima basi, mzee mwenzangu!" Bi Chausiku akahimiza.

"Ebo! Nizime nini?" Akaweka rimoti chini. "Nimevunja vikombe vya watu miaka yote ile, kumbe chali inawezekana!"

Kicheko kikalipuka hadi mabati yakanyanyuka kidogo. Bi Chausiku aliwashinda wote, akijifuta machozi kwa kanga.

"Nimiminieni chai," mzee akasema, akivua koti. "Na mkeka usogezwe hapa."

"Wee! Na mgongo huo?" Bi Chausiku akamaka.

Mzee akapokea kikombe. Aliupa mkeka kisogo, kikombe kimejaa pomoni, akaanza kupinda magoti taratibu, huku majirani wakinyoosha mikono nyuma yake.