Gundi Bila Mwarobaini

Kila serikali iliyouteka mji ilimpa Shekidele matangazo yake ayabandike kwenye ukuta wa soko. Gundi alipikiwa na mkewe, Namkunda, kwa unga wa muhogo na mwarobaini uliotwangwa. Mbuzi wa mji ule walipenda gundi, na bila ule uchungu wangetafuna hata amri ya jenerali.

Asubuhi hiyo tangazo lilikuwa moja tu: wapiganaji watakaorudi kabla ya Ijumaa wamesamehewa. Namkunda alimwomba amsomee mara mbili. Mgaza, mumewe wa kwanza, aliingia porini miaka minne iliyopita, na matanga yake yalikwisha kukaliwa kabla haijasikika kwamba yu hai.

"Wauza kuni wakiliona watamfikishia," alisema. "Ngoja nikupikie gundi."

"Nimeshapika mwenyewe."

"Wewe? Mtu ambaye hata uji unamshinda!" Akacheka. Shekidele alijua kicheko kile kilikuwa cha Mgaza, si chake.

Alilibandika tangazo, akalilainisha kwa kiganja kama kawaida yake, kisha akasogea kando. Beberu mweusi akaja, akaramba ncha ya karatasi, akaanza kuivuta kwa meno. Shekidele alikuwa na fimbo mkononi. Hakuiinua.

"Baba Rehani."

Aligeuka. Namkunda alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kitawi cha mwarobaini.

"Utamfukuza wewe," aliuliza polepole, "au nimfukuze mimi?"

Fimbo ilibaki ilipokuwa, na beberu aliendelea kutafuna.