Mlango wa Ghala

Msimamizi wa ghala alifunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Hakutuamkia, ingawa aliyekuwa mdogo kati yetu alikuwa na miaka hamsini na mitano.

"Kisomo ni cha watu wenye nguvu ya kuzalisha," alisema. "Ninyi mmestaafu. Nendeni mkapumzike."

Tulianza kujifunza kusoma na kuandika ghalani humo tukiwa wanafunzi sita, wastaafu wa reli hapa Itigi. Sasa tulikuwa arobaini na mmoja, wake zetu wakiwemo. Mwalimu wetu Redempta, mkunga mstaafu, alitufundisha bila malipo. Ubao wetu ulikuwa umefungiwa ndani.

Redempta alinitazama. Nilikuwa mnyapara wa genge la reli miaka ishirini na sita.

Nikamwambia mke wangu, "Kalete mtaimbo."

Nikauchomeka chini ya mlango. Wazee sita wakashika mbao za mlango kwa viganja vyenye sugu za nyundo. Nikaanzisha wimbo tuliokuwa tukinyanyulia reli, wakaitikia, na mlango ukang'oka pamoja na bawaba, komeo na kufuli lake.

"Ubao baki nao," Redempta alimwambia msimamizi. "Sisi tunachukua mlango huu."

Tukauegemeza mlango ukutani. Redempta akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha chaki kisichozidi ukucha, akaandika juu yake sentensi tuliyoishia jana. Sisi tukaketi chini juani.

Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya mlango huo, ufunguo mkononi.

"Shikamooni, wazee," akasema.

"Marahaba," nikamjibu. "Sasa sogea, hatuoni ubao."