Kidoti cha Namba Tano

Siti, asiyeona tangu utotoni, leo ana simu inayomsomea kila kitu, lakini anayojivunia ni ile ya kwanza, ya vitufe.

Zama hizo mtandao ulishika ukingoni mwa mteremko wa Newala tu. Kila alipotaka kupiga, kaka yake alimbonyezea namba, kisha akabaki palepale akisikiliza maongezi.

Siku ya kumjibu mwanamume wa Masasi aliyemposa, kidole gumba cha Siti kilipapasa kidoti kilichoinuka juu ya tano. Akihesabu vitufe kutoka hapo akazijua namba zote, akabonyeza mwenyewe ile ya mposaji, aliyoikariri. Ikaita.

"Nani kakubonyezea?" kaka akashtuka.

"Mimi. Sogea kule kidogo, kaka."

Kaka akasita, kisha nyayo zake zikasikika zikienda mbali.

"Haloo, Siti? Uko na nani?" mposaji akauliza.

"Niko peke yangu," akasema, "na jibu ninalo."