Pumzi za Nyumbani

Siku hizi, mchezaji wa mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu anaruhusiwa kuvuta pumzi za ndugu zake walioko nyumbani. Kwa hiyo dada Salha alipocheza nusu fainali ya michezo ya dunia, sisi huku Tanga tulikaa sebuleni, vifuani tumefunga mikanda ya kumpelekea pumzi, tukihema kama mbwa.

"Rusha, mwanangu, rusha!" baba alipiga kelele, sauti ikamkatikia.

Salha akarusha. Ukaingia! Tulikumbatiana, midomo imetupauka, tukicheka bila sauti.

Kocha akapiga simu. "Hongereni! Fainali ni kesho, na itakuwa ngumu zaidi. Hakuna mwingine hapo nyumbani?"

Mama alikuwa ameshashika sindano, anaupunguza mkanda wa akiba umtoshe Thuwaiba, mdogo wetu ambaye hata kutambaa hajaanza.